Vitabu Vyangu Kwenye Mnada wa Mavuno

Mimi aibu nimezizoea. Niliwahi kupanda basi la Singida nikidhani ni la Arusha, nikalala hadi mwisho wa safari, na niliwahi kumwamkia shikamoo mtu niliyekuja kugundua nilisoma naye darasa moja. Lakini ukiziweka zote upande mmoja, na ile Jumapili ya Nambis ukaiweka upande wa pili, Nambis inashinda. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa binamu yangu Emanueli, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na jambo lenyewe halihitaji chumvi hata chembe.

Mnanijua, situlii. Tangu nimalize kidato cha nne nimeishi Mererani, Kahama, Tanga, na kila nilipohama niliacha godoro nikabeba vitabu. Ugonjwa huo niliambukizwa na shangazi yangu Lusia, aliyenilea Balangdalalu. Alinifundisha kusoma kwa kitabu kimoja cha hadithi chenye jalada la kijani, sisi wawili tumekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, kidole chake kikitangulia na changu kikifuata. Kitabu kile kilipotea tulipohama nyumba, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekitafuta kwenye kila genge la mitumba nililopita.

Sasa mwaka huu shangazi akateleza uani, akavunjika nyonga, akalazwa Haydom. Ijumaa akanipigia simu.

"Mwanangu, wananipasua Jumatatu asubuhi. Kisu sikiogopi. Ninaogopa kusubiri. Ungekuwepo ungenisomea, macho yangu siku hizi hayaoni herufi."

Nikamwambia Jumapili jioni nitakuwa kando ya kitanda chake. Jumamosi nikafika Mbulu mjini, nikasema ngoja nipite sokoni nimtafutie chochote cha kusoma. Pale mwisho wa mitumba, baada ya viatu na masweta, kuna dada mmoja alikuwa amemwaga vitabu kwenye turubai. Nikapiga magoti. Nikachagua kimoja, vitatu, vinane (nikianza sijui kuacha), na chini kabisa, chini ya vitabu vya hesabu vilivyoliwa na panya, nikaona kijani.

"Kaka, mbona unakinusa?" dada akauliza. "Hicho kitabu kina uchawi?"

Nikamwambia kina shangazi yangu ndani. Akanitazama, halafu akanipunguzia bei, nadhani kwa huruma.

Vitabu vyote, isipokuwa kimoja kidogo nilichotia mfukoni, nikavitia kwenye kiroba kilichokuwa cha mbolea, nikaenda kulala kwa Emanueli pale Nambis. Gari la Haydom hupita mchana, kwa hiyo Jumapili nikaamua kwanza niende kanisani, nikamwombee shangazi, halafu nitokee huko huko barabarani na kiroba changu. Uamuzi mdogo, wala hauna dhambi. Nilichosahau, kwa kukaa mbali na nyumbani muda mrefu, ni kwamba ilikuwa sikukuu ya mavuno, siku ambayo kila mtu huja na sadaka ya shamba.

Kanisa lilikuwa limejaa. Mzee wa kanisa, Mzee Tluway, alinipokea mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaangalia kiroba changu akatabasamu kwa upendo mkubwa.

"Weka pale mbele na vya wenzako."

Mbele kulikuwa na viroba vya mahindi, maharage, mkungu wa ndizi, jogoo amefungwa miguu. Nikaweka. (Nilidhani anataka mlango usizibwe. Kweli kabisa, nilidhani ni utaratibu wa mizigo.) Nikarudi kukaa benchi la nyuma karibu na Emanueli.

Sasa hapa ndipo naona haya zaidi. Mahubiri nilisikiliza, naapa. Lakini yalipofika matangazo, na matangazo ya sikukuu ya mavuno mnayajua yalivyo marefu, nikatoa mfukoni kitabu kidogo cha upelelezi nilichonunua Jumamosi, nikakificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nimebakiza kurasa sita kujua nani alimuua tajiri. Kwa hiyo Emanueli aliponipiga kiwiko akisema, "Simama, unaitwa," mimi nilisimama huku akili yangu ikiwa bado kwenye bastola.

Watu wote wamegeuka. Wageni hutambulishwa, nikajua ni hilo. Nikapunga mkono. Vigelegele! Nikafikiri, watu wa kwetu wana ukarimu.

"Ni kwa moyo mweupe, mgeni wetu?" Mzee Tluway akauliza kutoka mbele.

Ni nini hicho kwa moyo mweupe, sikujua. Lakini mtu ukiulizwa kanisani kama una moyo mweupe, utasema una wa rangi gani?

"Mweupe kabisa, mzee!"

Vigelegele tena. Nikakaa, nikamalizia kurasa zangu. Aliyeua ni dereva.

Ibada ikaisha, tukatoka uwanjani kwa mnada wa mavuno. Jogoo akauzwa, mkungu ukauzwa, halafu Mzee Tluway akainua kitabu cha kijani juu ya kichwa chake.

"Sasa ni vitabu alivyotutolea mgeni wetu! Tunaanza na hiki!"

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. Nikamgeukia Emanueli. Mjinga yule alikuwa anafuta machozi ya furaha. "Sikujua una moyo huu, binamu. Nimejivunia sana."

Ningesema pale pale yangeisha. Lakini watu walikuwa wamenipigia vigelegele mara mbili. Nikaona bora nikinunue kimya kimya, nikataja bei. Kimya kimya gani!

"Mnaona?" Mzee Tluway akapaza sauti. "Ametoa, na bado ananunua alichotoa! Nani atamwacha mgeni atushinde?"

Hakuna aliyetaka nishinde. Mama mmoja mnene mwenye shuka jekundu, Mama Gwandu, akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza huku anacheka. Nikafika kwenye nauli yangu ya Haydom, nikaitaja nayo, akaipita kama anaruka mfereji.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Nikamwona akilini shangazi yuko kitandani anatazama mlango.

"Hicho si sadaka!" nikapiga kelele.

Mzee Tluway akashusha kitabu taratibu.

"Si sadaka? Mbona tulikushukuru ukasimama ukapunga mkono? Nikakuuliza kama ni kwa moyo mweupe."

"Sikusikia, mzee wangu."

"Ulikuwa wapi?"

Nikatoa kitabu cha nyimbo, na kile cha upelelezi kikaanguka chini chenyewe, picha ya bastola ikitazama juu. Waimbaji wa kwaya ndio walianza kucheka. Halafu uwanja mzima. Emanueli alikaa chini kabisa.

Nikaeleza yote: nyonga, upasuaji, ngozi ya ng'ombe, miaka ishirini. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mzee Tluway akakuna kidevu, nikaona anaumia kweli. Akasema kilichokwisha kuombewa madhabahuni hakirudi kwa mwenyewe, angefanyaje?

"Kwani nani amesema kirudi?" Mama Gwandu akauliza. "Malizia, mzee. Mara ya tatu."

"Mara ya tatu. Kimeuzwa."

Akalipa, akakichukua, akapangusa jalada kwa shuka lake, akanijia.

"Sasa ni changu, na changu nampa nimtakaye. Mpelekee mgonjwa. Mwambie kimetoka kwa Mama Gwandu wa Nambis, hatujuani, lakini namwombea. Hivyo vingine vinabaki kwa watoto wetu, maana ulisema moyo mweupe."

"Ahsante, mama. Vibaki."

"Na usisome kanisani."

Kumbe wakati tunashindana gari la Haydom lilishapita. Nilikaribia kulia. Baba mmoja aliyekuwa anapeleka vitunguu swaumu huko kwa pikapu akasema, "Panda, wewe mtoa sadaka." Hakunitoza kitu. Nilisafiri juu ya magunia yale yenye harufu kali nimekumbatia kitabu kifuani, nikacheka peke yangu mpaka Haydom.

"Unanuka pilau," ndilo neno la kwanza la shangazi. Nikamsimulia, akacheka akishika nyonga, "Acha, mwanangu, unaniumiza, acha!" halafu akasema niendelee. Nilipomwekea kitabu mkononi hakukifungua. Alipitisha kidole kwenye jalada, pole pole, akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniomba nirudie mwanzo, hakusikia vizuri. Jumatatu asubuhi shangazi alipelekwa kupasuliwa akiwa bado ananirekebisha jinsi ya kumwigiza fisi, na akarudi salama, namshukuru Mungu na namshukuru Mama Gwandu.

Nimeapa: kanisani naingia na kitabu cha nyimbo peke yake, na nikiulizwa kitu ambacho sikukisikia, nitasema "samahani, sikusikia." Maneno mawili tu, yangeniokoa na aibu yote ile. Ingawa niwaambieni ukweli wangu, sijui kama ningetaka yaniokoe.