Matanga ya Mtu Aliye Hai

Truphena hana muda wa upuuzi. Kabla hakujapambazuka yuko njiani kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, kwenda Industrial Area, kuwapikia vibarua chai na chapati kwenye lango la kiwanda. Jumapili ndiye mwenyekiti wa chama cha mazishi cha watu wa Vihiga, kinachosafirisha maiti hadi kwao mashambani, na hapo hata wanaume hunyamaza akikohoa.

Mwaka jana vijana wawili walimvizia akienda kazini. Wakamkata panga mkononi, wakachukua simu na kapu. Mmoja wao Truphena alimtambua: Luseno, mtoto wa Ayuma, mwanachama mwenzake. Lo! Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimnywesha uji kwa mkono huo huo! Alikasirika kuliko alivyoumia, akaenda kortini akasema kweli tupu. Alidhani kijana atafungwa miaka kadhaa, apate akili. Hakimu akasema wizi wa mabavu adhabu yake ni kifo. Siku hiyo Truphena alirudi nyumbani, hata unga ukamshinda kukanda.

Jumapili iliyofuata, chama kimekaa sebuleni kwake, Ayuma akasimama, leso kiunoni.

"Nimeleta msiba," akasema. "Naomba gari la kumpeleka mtoto nyumbani."

"Mama Luseno, mtoto hajafa," akasema Mulama, katibu wa chama. "Kenya hii hawajanyonga mtu tangu miaka ya themanini."

"Kwa hivyo hakimu alikuwa anatania? Si nyinyi husema msiba uletwe mapema? Nimeuleta."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

Sasa, chama kina desturi: msiba ukitangazwa, mwenyekiti huenda kukaa na mfiwa. Mulama akamvuta Truphena pembeni, eti huu si msiba, asijisumbue. "Na aliyekatwa ni wewe!"

"Najua nilikatwa, mkono ni wangu," akamjibu, akajifunga kitambaa, akaenda.

Kwa Ayuma makochi yalikuwa yametolewa nje, kama kwenye matanga. Shati jeupe la Luseno lilikuwa kitandani, limepigwa pasi, la kuzikwa nalo. Truphena alilitazama, machozi yakamtoka, na hasira ikampanda pia: kijana huyu alimtesa kwa panga, sasa anamtesa kwa shati.

"Mama Kageha," Ayuma akamwambia Truphena, "sikulaumu. Ulisema kweli. Lakini ulitaka afe?"

"Nilitaka afungwe."

"Basi nenda kortini ukawaambie."

Majirani waliposikia atakwenda kumtetea wakamshangaa. "Ebo! Ungepiga kelele si angekukata shingo?" Huenda. Hadi leo Truphena akisikia nyayo nyuma yake gizani, huharakisha hatua. Lakini rufaa ya Luseno ilipofika Mahakama Kuu, aliacha biashara, akavaa nguo ya kanisani, akaenda.

Jaji alimpa nafasi ya kusema, kisha akamuuliza kama amemsamehe kijana.

"La, mheshimiwa. Nikimkuta njiani hata leo nitakimbia. Mfungeni, hata azeekee huko. Lakini watu wetu wakifiwa, mwenyekiti ndiye husimama kaburini kueleza marehemu amekufa kwa nini. Mkimnyonga huyu, nitasimama mimi, na mama yake yuko mbele yangu. Nimwambie mtoto wake amekufa kwa sababu ya simu yangu?"