Kibuyu cha Uhai cha Kipyegon

Kaka yangu Kipyegon ana miaka thelathini na kazi yake ni uchawi. Si uchawi wa kweli; huo angalau majirani wangeuogopa. Kila Jumamosi watu wazima wanne wanakuja kwetu Boito kucheza mchezo wa kujifanya, wanazunguka meza, mmoja anajiita shujaa, mwingine mganga, halafu wanarusha dadu kujua nani ameua joka. Chai huko nje inakomaa bila wa kuichuma.

Kipyegon ndiye anayewatungia vifaa vya uchawi: pete ya kukufanya usionekane, fimbo ya radi, kibuyu cha uhai cha kumponya shujaa. Kila kifaa kina masharti yake, na ukikosea neno moja la tambiko, umekufa. Hapo hana mzaha hata kidogo.

Majuzi alitaka kibuyu cha uhai kiwe mezani kweli. Akachukua sotet ya mama, kile kibuyu chake cha kugandishia maziwa ya mursik, akakisugua na sabuni ya unga mpaka harufu ya moshi ikaisha. Mkipsigis mzima, hajui kwamba kibuyu cha maziwa kinasafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet! Akajaza maziwa, akayaacha yagande. Jumamosi mashujaa wakanywa, yeye amefumba macho akinuiza. Joka halikufa. Mashujaa walipanga foleni chooni, Kipyegon akiwa wa kwanza.

Mama alikinusa kile kibuyu, akakitia mbegu za maharagwe. Kibuyu kikiharibika bado kinapata kazi. Kipyegon bado tunamtafutia.