Muuguzi Aliyepima Kumbukumbu

Muuguzi aliyewapima kumbukumbu wagonjwa wa saratani alivaa sweta la mtumba juu ya sare, na kila mara alipasha viganja kabla ya kumshika mgonjwa mkono. Ukijibu vizuri, swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi, ukikwama, alilegeza. Nilimtazama nikijiuliza analitoa wapi swali linalofuata.

Mama yangu, mkulima wa kijiji cha Kolo, alikuwa msahaulifu tangu aanze dawa za saratani. Siku hiyo alishindwa kutaja mwezi, akashindwa na siku, akainama. Muuguzi akauliza taratibu, "Mama, ugali wa uwele unasongwaje?"

"Maji yachemke, ukoroge uji, ndipo uongeze unga," Mama akajibu. "Kwani kwenu hamsongi?"

Muuguzi akacheka mpaka akafunika mdomo. "Haya Mama, sasa nakuuliza gumu."

Mama akajiweka sawa kitini. "Uliza."