Mguu Mmoja wa Mende wa Pangoni

Watoto wa mtaani kwao walimwita shoga yangu Mama Mende, naye akiitika bila kununa. Kazi yake maabarani ilikuwa kusoma vinasaba vya mende, hasa vile vya mitokondria, vile vijiwanda vya nguvu ndani ya seli, ambavyo mtoto hurithi kwa mama tu. Mimi nilikuwa naosha vyombo maabara hiyohiyo. Siku ya balaa nilikuwepo, kwa hiyo asinibishie mtu.

Mende mwenyewe alikuwa wa pangoni. Siafu walimla mtegoni wakabakiza mguu, na pango lenyewe likaja kuzibwa kwa zege. Mguu ule ukiharibika, aina ile ya mende ndiyo basi tena, hakuna atakayeijua. Shoga yangu alilijua hilo.

Akausaga mguu, akaupitisha kwenye kichujio kidogo. Vinasaba hunasa humo. Unaosha, unamwaga maji, unaosha, unamwaga. Ila mwishoni mambo hugeuka: maji ya mwisho ndiyo huvibeba vinasaba, basi unatunza maji, unatupa kichujio. Yeye, mazoea yana taabu, akamwaga. Tena ndani ya chupa ya klorini, ambamo vinasaba haviponi.

"Mungu wangu! Nimemmwaga."

Mkuu wa maabara, mtu wa kufoka kutwa, alikuwa amesimama nyuma yetu. Safari hii hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

"Kichujio kiko wapi?" aliuliza taratibu.

"Ninacho, mkuu."

"Tia tone jingine la maji. Huenda kuna kilichobaki."

Akatia. Lile tone likaingia kwenye mashine ya kusoma vinasaba, tukaanza kusubiri. Vinasaba vya mitokondria huwa duara. Herufi zake zikikatika njiani, duara halifungi, umekosa. Shoga yangu hakula, hakukaa. Mashine ikilia kidogo tu, anaikimbilia.

"Pumua basi, mwenzangu," nikamwambia, wakati mimi mwenyewe roho ilikuwa mkononi.

Mkuu akainamia kioo cha kompyuta. Akapekua kurasa polepole mpaka nikatamani kumpiga kofi.

"Duara limefunga," akasema. "Lote."

Shoga yangu akaketi sakafuni akalia kwa sauti. "Nilimmwaga, jamani! Hayo mliyosoma ni makombo tu."

"Sasa wewe," nikamwambia, nami nalia, "mende lini aliishi kwa kingine ila makombo?"