Maji ni Maji, Alisema Verlin

Verlin Stoltz alijaliwa mdomo, na Mungu alipomaliza kumpa huo hakuona haja ya kumwongezea kingine. Miaka kumi na miwili aliuza matrekta yaliyotumika huko Kansas, na kila aliyemkuta mkahawani alimtambia: "Mie kuuza sifundishwi, bwana. Samaki gani hufunzwa kuogelea?"

Baba mkwe wake, mzee Orrin, alitaka kustaafu. Ofisi yake ya bima, pamoja na wateja wake wote, ingekuwa ya Verlin kwa sharti moja: kabla ya Novemba awe na leseni ya jimbo ya kuuza bima ya mali na ajali. Leseni hiyo haina ujomba. Unapata alama sabini kwa mia, au unarudi kwenu.

Kitabu cha kusomea kilikuwa kinene kama tofali. Verlin akakitumia kama tofali: akaegemezea mlango wa gereji.

Lavonne, mama aliyepokea simu pale ofisini miaka kumi na tisa, naye alikuwa na chake, akikisoma saa ya chakula huku akitafuna mkate wa mayai.

"We mama, unasomea nini?" Verlin akamcheka. "Siku hizi hata kusema haloo kuna leseni?"

"Soma pale pa mafuriko, baba. Bomba likipasuka ndani, bima ya nyumba inalipa. Mto ukipanda ukaingia, hailipi ng'o. Mafuriko yana bima yake."

"Maji ni maji! Yakikulowesha soksi, utayauliza yametoka wapi?"

Mkahawani alilirudia hilo neno wiki nzima. Delbert, mkulima wa ukingoni mwa mto, alicheka hadi kahawa ikamtoka puani, akaenda zake kwa amani, bila bima ya mafuriko.

Kwenye chumba cha mtihani wasimamizi walimkunjua mikono ya shati, wakamkagua miwani, wakaifungia kabatini kofia yake ya kampuni ya mbegu. Hapo mdomo ukakosa wa kumchekesha, kompyuta haicheki. Ilimuuliza habari za mto uliofurika, naye akajibu kama jirani mwema: mwenye nyumba alipwe yote! Akapata hamsini na nne. Alirudi bila kufungua kitabu, akapata hamsini na moja. Hata kaa hurudi nyuma kwa adabu kuliko huyo.

Lavonne alikwenda mara moja tu, akapata themanini na nane. Novemba mzee Orrin akakwangua jina lake mlangoni, likaandikwa la Lavonne. Verlin akapewa kiti cha simu.

Machi mto ukapanda. Simu ikalia.

"Verlin, ndugu yangu, chumba cha chini kimejaa maji hadi kwenye ngazi!" Alikuwa Delbert. "Bima si italipa?"

Asiye na leseni haruhusiwi kulijibu hilo. Verlin akaziba simu kwa kiganja, masikio yamemwiva.

"Mama Lavonne... ni Delbert. Ana maji ndani."

Lavonne hakuinua uso kwenye makaratasi.

"Muulize, baba, yametoka wapi."