Nilitafuta gari dogo lisilokunywa mafuta kwa ajili ya mguu wa mama: yaliyonikuta kati ya Mugango na Musoma

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na heri kwa wengine wote. Nitakayoyaeleza yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina ya watu nimeyabadili. Barabara nimeziacha kama zilivyo.

Wiki hii binti yangu, ambaye ameajiriwa Bunda, ameniuliza swali ambalo humu linaulizwa kila siku: anunue gari gani dogo, la bei nafuu, lisilokunywa mafuta?

Niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena. Mwisho nikaona nije kwenu.

Habari yenyewe inaanzia kwenye mguu wa mama.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa ndiyo kwanza limefunguka. Sisi tuliokulia wakati wa foleni, wakati gari lilipoweza kulala kituoni likisubiri petroli isiyokuja, ghafla tuliona magari yaliyotumika Japani yakiuzwa kando ya barabara kama mashati ya mitumba. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu si muda mrefu, nafanya kazi ofisini Musoma mjini, nimepanga Kamunyonge.

Mama aliishi nyumbani kwetu Mugango. Alikuwa na kisukari, na kidonda kilichomtoka unyayoni kilikataa kufunga. Daktari hakuzunguka: kisafishwe hospitali ya mjini mara mbili kwa wiki bila kuruka, la sivyo mguu utakatwa.

Nilimwomba ahamie kwangu. Alikuja, akakaa siku chache katika chumba changu cha kupanga, kisha akaniambia, "Baba, hapa mguu utapona, mimi nitakufa kwa upweke." Akarudi Mugango.

Usafiri wa kwetu wakati huo ulikuwa malori ya samaki, na kupanda ni kwa kudandia. Kwa mguu ule, asingeweza.

Kwa hiyo lilitakiwa gari, na lilitakiwa upesi. Kwa uwezo wangu ningepata ama gari kubwa lililochoka, ama dogo lenye uhai.

La kwanza nililiangalia Butiama, stesheni wagon ndefu ya mwalimu mstaafu, imetunzwa kama kabati la vyombo. Nilipomuuliza ulaji wa mafuta hakunificha.

"Hili gari lina heshima, kijana wangu," alisema. "Halipitagi kituo cha mafuta bila kusalimia."

Tulicheka wote wawili, nikaondoka.

La pili lilikuwa pikapu, palepale Musoma. Aliyeishikia bango ni kaka yangu Magesa, ambaye alinunua sangara Mugango na kuwapeleka kwenye viwanda vya minofu. "Asubuhi inabeba mama, mchana inabeba samaki," alisema. "Mafuta yanajilipa yenyewe, wewe unakunja miguu tu."

Hoja ilikuwa nzito, na nilizunguka nayo kichwani kwa siku kadhaa bila kutulia. Nilichokiogopa ni hiki: siku ambayo sangara na mama watalihitaji gari kwa saa ile ile, atapewa yule anayeoza haraka.

La tatu lilikuwa Bunda. Hatchback ya milango mitatu, cc elfu moja. Bei ilishuka kwa sababu watu hawakuipenda milango mitatu: anayekaa nyuma lazima wa mbele atoke kwanza, kiti kikunjwe, ndipo apenye. Nililijaribu kuelekea Mugeta, kwenye vumbi na makorongo. Lilinusa ardhi kwa chini mara kwa mara, lakini mshale wa mafuta haukutikisika.

Nikalinunua.

Nilipolifikisha nyumbani Magesa alilizunguka mara mbili. Kisha akaniuliza mbele ya watu:

"Mwanachuo, hili ni gari au kiatu?"

"Ni gari, kaka."

"Hapana. Na kingine kiko wapi? Viatu vinauzwaga viwili."

Nyumba nzima ilicheka. Mama ndiye aliyecheka zaidi.

Ikafika siku ya hospitali. Wiki ile petroli ilikuwa ya shida mjini. Nilikuwa na nusu tangi, na sikujua nitapata wapi nyingine. Mama alikaa mbele, mguu ameufunika kwa kanga. Hatukwenda mbali akasema, "Simama."

Wanawake wawili walikuwa kando ya barabara, mmoja na mtoto mwenye homa. Kwetu gari linalokwenda hospitali halina mwenyewe. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini katika hesabu zangu zote za cc na lita nilikuwa nimemhesabu mama mmoja tu.

Mama akatoka kwa mguu wake ule, kiti kikakunjwa, wakapenya, akaingia tena.

Mbele kidogo, njia panda, alisimama mkwe wa jirani yetu. Alikuwa mjamzito, miguu imevimba, uso umevimba, na mama mkwe wake amemshika kiuno. Nafasi haikuwepo. Nilipunguza mwendo ili niwaombe radhi dirishani, na kabla sijafungua mdomo mama alikuwa amefungua mlango.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Huyu akae mbele. Mimi nitakusubiri hapa na mkwewe."

"Chumba cha vidonda kinafungwa mchana!"

"Basi wahi," akasema, na kuufunga mlango kwa nje.

Wakuu, sijawahi kuendesha vile. Jicho moja lilikuwa barabarani, jingine kwenye mshale. Mjamzito alikuwa akiomba Mungu kwa sauti ya chini, mtoto analia, na mimi nauona ule mguu ukiwa umeketi njia panda kwenye vumbi. Niliwashusha hospitali, nikageuza bila hata kuaga.

Nilimkuta palepale, amekaa juu ya debe lililopinduliwa. Lakini walikuwa wameongezeka. Sasa walikuwa watatu.

"Huyu naye nimemwambia linarudi," mama akasema.

Tulifika muuguzi ameshika komeo. "Mama, kidonda hakisubirigi stori zenu za njiani," alimfokea.

"Mbona wewe umenisubiri?" mama akamjibu. Yule dada akaguna, kisha akacheka, akafungua.

Nilipokaa kupiga hesabu niliumia. Safari mbili za kigari changu zilikunywa karibu sawa na safari moja ya pikapu, ambayo ingewabeba wote kwa pamoja. Nafuu yote niliyoitafuta Butiama, Musoma na Bunda ilikuwa imeishia kwenye kurudi. Jambo hili lilinitafuna kwa wiki nyingi. Kila siku ya hospitali nilikwenda mara mbili, na kila mara nilijiona mjinga.

Mpaka siku moja sangara walipopatikana kwa wingi kuliko kawaida. Pikapu zote za mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, ya Magesa ya kukodi ikiwemo, zilitupita njia panda zikitiririsha maji ya barafu, madereva wakipiga honi tupishe. Wanawake walinyoosha mikono. Haikusimama hata moja, na sikuwalaumu, samaki hawangojei.

Gari langu lilikuwa dogo mno kwa sangara. Hakuna aliyeweza kulitaka kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa watu.

Kidonda kilifunga baada ya miezi. Kidole kimoja tulikipoteza. Mguu ulibaki, na mama aliukanyagia mpaka uzee ulipomchukua.

Magesa naye? Asubuhi moja alisimama njia panda, mkewe anatapika, ameegemea bega lake. Mama alikuwa mbele, nyuma pana nafasi ya mtu mmoja.

"Kiatu kina nafasi?" aliuliza, bila kucheka.

"Shemeji aingie, kaka. Wewe kinakurudia."

Nilichojifunza, wakuu: cc, bei, spea na urefu kutoka ardhini ni mambo ya lazima, na sasa ningeongeza milango mitano. Lakini kabla ya hayo mtu ajiulize nani atamsimamisha njiani, maana huyo naye ni sehemu ya matumizi ya mafuta.

Ndivyo nilivyomwandikia binti yangu hatimaye. Nikamuuliza: katika njia unayopita kila siku hapo Bunda, nani atakuwa amekaa kwenye debe akikusubiri?

Akajibu: "Baba, mimi nimeuliza cc tu."

Mpaka sasa sijamjibu. Wenye mabinti na wenye magari, mngemwambia nini? Na kwenye gari lako wewe, anayekunyooshea mkono ni nani?