Kuple ya Tatu

Mi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili, baba akasema inatosha. Lakini jina ya mutu, nikiisikia mara moja, haitoke tena. Bamama bote benye kuimba mu shorale yetu ya kanisa, hapa Kolwezi, hata bale tulizika, niko nabo mu kichwa. Hapa sitabataja, juu bengine bako na haya.

Mama mwenye kutuimbisha alipohamia Lubumbashi, bakanichagua mi. Nikaogopa. Nyimbo ilikuwa imeandikwa mu kayi, na kusoma kayi inanishinda. Basi kila kuple, kila beti ya wimbo, nikaipatia mama mumoja aishike. Yeye njo ataianzisha, bengine bamufuate. Nikikumbuka jina yake, wimbo inakuja. Mumoja akacheka akasema sasa sisi njo kayi yako, angalia mvua isitupate.

Kuple ya tatu ilikuwa kwa mama mwenye kuuza samaki ya ziwa Nzilo mu soko. Sauti yake nzito. Siku moja mu repetisyo, tukizoeza nyimbo, nikamwambia anaimba sawa na mutu anayeita bakliya banunue samaki. Bakacheka, na mi nikacheka. Yeye hakucheka, akafunga kitenge yake vizuri. Aliendelea kuja, nikazani imeisha.

Kisha parokia ya Lubudi ikatualika kwa sikukuu yabo. Kuple ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu, kimya. Ngoma peke yake. Nikamuangalia mama wa samaki, anaangalia chini. Kuiimba mi mwenyewe? Sikuwa nayo. Nilimupatia yeye.

Tata mwenye kutupigia ngoma akazungusha tena mapigo ileile, akinikazia macho. Nikaelewa: mama wa samaki asipofungua kinywa, wimbo inakufa hapa, na shorale inarudi Kolwezi ikiwa imevunjika.

Nikacheza mupaka mbele yake. Nikapiga magoti, nikapiga makofi polepole, vile kwetu Kasai mutoto anaomba musamaha kwa mukubwa, na mi njo mukubwa wake.

"Mama, nilikucheka mbele ya batu. Naomba musamaha mbele ya batu."

Akaacha ngoma izunguke mara moja nzima. Halafu akainama kidogo.

"Simama, mama. Ile magoti yako ni ya zamani."

Na akaanza. Ile sauti nzito ikajaza kanisa, bamama bakaingia nyuma yake, na mi nikalia nikiimba.

Batu ba Lubudi balizani ni dansi. Misa ilipoisha bakatuomba tubafundishe ile ya kupiga magoti. Tulibafundisha.

Leo magoti yangu haikunjike tena, na mama wa samaki njo anatuongoza. Namushukuru, juu angeweza kunyamaza mupaka mwisho. Kuple ya tatu alinipatia mi. Ikifika, anakuja mbele ya kiti yangu, anapiga magoti, anapiga makofi. Naacha ngoma izunguke mara moja, kisha naanza.